Magoti yakiingia ndani ukichuchumaa, anza na nyonga na paja

Wengi wenye matege au magoti yanayogongana wanakimbilia jimu wakiamini skwati zitanyoosha miguu. Niseme mapema, mtu mzima mfupa ukishapinda haunyooshwi na mazoezi, huo ni wa upasuaji. Kinachobadilika ni goti linavyokaa ukiwa unatembea, unapanda ngazi au unaruka, na hapo ndo paja linapofanya kazi.

Kwa hiyo jicheki kwanza. Simama pekupeku mbele ya kioo, miguu pamoja. Vifundo vikigusana na magoti yameachana hayo ni matege, magoti yakigusana na vifundo vimeachana basi ni kinyume chake. Alafu mtu akurekodi na simu kwa mbele, simama mguu mmoja ushuke taratibu kama unataka kukaa, uangalie pia ya goti (kile kifupa cha mbele) inaelekea wapi. Ikibaki usawa wa kidole cha pili uko poa, ikikimbilia upande wa dole gumba, na kiuno kinadondoka upande mwingine, basi misuli ndo haishiki, na mara nyingi mwenye kosa ni nyonga, ile misuli ya pembeni ya kalio.

Sasa pima paja. Chukua tepu ya fundi cherehani, kaa sakafuni mguu umenyooka na umelegea, pima sm 15 kwenda juu kuanzia ukingo wa juu wa pia ya goti, weka alama kwa peni, zungusha tepu bila kukaza, rudia mguu wa pili. Tofauti ya sm 1 isikutishe, ikifika 2 na zaidi hasa kwenye mguu uliowahi kuumia, msuli umepungua. Ila tepu inapima na mafuta pia, so mi naamini vidole zaidi: kaza paja, gusa ule msuli wa ndani juu kidogo ya goti wenye umbo la tone la maji. Upande dhaifu utausikia mlaini, au unachelewa kukaza.

Msuli wa mbele ya paja una vichwa vinne, yaani sehemu nne, na vyote vinaishia kwenye pia ya goti. Goti likiingia ndani mvuto wote unaelekea nje, pia inasugulia upande mmoja, ndo yale maumivu ya kushuka ngazi au kukaa muda mrefu kwenye daladala. Na goti likivimba, hata kidogo tu, mwili wenyewe unapunguza amri kwa msuli huo, mtu anapiga mazoezi miezi paja halijai. Uvimbe uishe kwanza jamani.

Mazoezi: taulo lililokunjwa chini ya goti, likandamize sekunde 5, achia, mara 10. Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, kisigino kikiongoza, hii ya nyonga usiiruke. Kaa na kusimama kwenye kiti bila kushika kitu, na raba ya mazoezi juu kidogo ya magoti, usukume magoti nje muda wote. Ukizoea, panda na kushuka kidato cha ngazi mguu mmoja mmoja, taratibu wakati wa kushuka maana hapo ndo kazi ilipo. Seti 3 za mara 8 mpaka 12, siku 2 au 3 kwa wiki. Nguvu utaisikia mapema, ukubwa wa paja unachukua wiki 6 mpaka 8 na bila kula protini ya kutosha (maharage, mayai, dagaa) utasubiri sana.

Mwenye matege na goti lililoanza kusagika asibebe vyuma vizito kwa kujiongoza, uzito tayari unaelemea upande wa ndani wa goti, aonane na mtu wa fizio (tiba ya viungo) kwanza. Na mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye matege, au wa miaka 3, 4 magoti yanagongana, kwa kawaida ni ukuaji tu, hunyooka akifika 7 au 8. Mguu mmoja ukipinda kuliko mwenzake, au hali inazidi, mpeleke hospitali.