Hereni ya ng'ombe haisomeki? Pima kelele ya redio hatua kwa hatua

Ng'ombe yuko kwenye kibanio, hereni ya kielektroniki iko sikioni, kisomaji kimya. Wengi huilaumu hereni, wanatoboa upya, na mnyama anaumizwa mara mbili bure. Kabla hujagusa sikio, pima kelele, yaani mawimbi ya redio yanayotoka kwenye vifaa vya umeme vya karibu na kumvuruga kisomaji. Tafuta betri ya volti 12, tepu ya kupimia, fimbo kavu ya mbao, hereni mbili tatu, daftari na redio ndogo ya AM.

Hereni hizi hazina betri. Antena hutoa uga wa sumaku wa kilohezi 134.2, hereni inapata nguvu humo na kurudisha namba yake ya tarakimu 15. Aina ni mbili: FDX-B hujibu huku uga ukiendelea, HDX huchajiwa kwa milisekunde 50 hivi, uga unazimwa, ndipo inajibu. Andika unapima ipi, maana kelele ileile yaweza kuikwamisha moja na kuiacha nyingine.

Hatua ya 1: Pima kukiwa kimya

Zima inveta, taa, chaja, pampu, vyote. Kisomaji kitumie betri. Funga hereni kwenye ncha ya fimbo, uso wake ukitazamana na antena. Usiishike mkononi, kwa sababu pembe ikibadilika kidogo tu umbali nao unabadilika. Anza karibu, rudi nyuma sentimita 5 kila mara, na kila kituo iondoe na kuirudisha mara 20. Andika ngapi zimesomeka.

Kama hata hapa umbali ni mfupi, shida huenda si kelele. Tazama mabomba ya chuma yaliyo karibu na antena, kwani chuma huivuruga hata umeme wote ukiwa umezimwa.

Hatua ya 2: Washa kimoja kimoja

Washa kifaa kimoja, rudia vipimo vyote, kizime, nenda kinachofuata. Ukiwasha viwili pamoja hutajua mkosaji ni yupi.

Kwenye zizi moja nililoitwa, mkosaji alikuwa chaja ya kompyuta ya mizani, imening'inizwa kwenye bomba chini ya antena. Tulipoichomoa, kompyuta ikabaki kwenye betri yake, hereni iliyokuwa haisomeki kwa sentimita 40 ikasomeka. Nikachomeka na kuchomoa mara tano mbele ya mzee mwenye mifugo. Alikuwa ameshatoboa upya ng'ombe wanane. "Kumbe hereni zangu zilikuwa nzima," akasema, akiwatazama wale wanane.

Hatua ya 3: Sikiliza kwa redio

Zima kisomaji, maana nacho kinapiga kelele. Weka redio ya AM chini kabisa, karibu na kilohezi 540, pasipo na stesheni, kisha uipitishe karibu na kila kifaa. Redio haifiki 134.2, lakini kelele ya inveta na chaja husambaa mpaka huko juu. Mngurumo ukiongezeka, umepata wa kumpima kwanza. Ukisikia tik… tik… kama mara moja kwa sekunde, huo ni uzio wa umeme.

Hatua ya 4: Visomaji viwili

Kama kuna kisomaji cha pili, kiwashe na urudie. HDX ndiyo huumia zaidi: cha kwanza kinasikiliza wakati jirani bado anachaji. Vingi vina waya wa kuvioanisha. Uunganishe, upime tena.

Hatua ya 5: Sogeza, kisha pima tena

Usikimbilie kununua vichujio vya kuzuia kelele. Uga wa sumaku wa kifaa kidogo hupungua haraka mno: ukiongeza umbali mara mbili, unabaki takriban moja ya nane. Inveta iliyo mita 1 kutoka kwenye antena, ipeleke mita 2 au 3. Nyaya zake zisipite sambamba na waya wa antena.

Mwisho pitisha ng'ombe wenyewe kwa mwendo wao wa kawaida, vifaa vyote vikiwa vimewashwa kama siku ya kazi. Mtu mmoja aandike kwa mkono namba zilizochapwa kwenye hereni, mlinganishe na orodha ya kisomaji. Aliyekosekana arudishwe peke yake na apitishwe mara tatu. Akikosekana zote tatu huku wenzake wanasomeka, hapo ndipo uishuku hereni yake.