SOMO: Malisho ya msimu wa baridi nyuma ya nyumba, kwa mifugo yako na wanyama wa porini wanaopita

Habari wakuu. Kila baridi ikikaribia maswali ni yaleyale, majani yamekauka, mbuzi wanalia, mtu anabaki anategemea hei (majani ya malisho yaliyokatwa yakakaushwa) na pumba mpaka joto lirudi, kumbe kuna mimea kibao inayoupenda huohuo ubaridi. Somo hili ni la mwenye kipande kidogo tu nyuma ya nyumba na mifugo michache, mbuzi, kondoo, sungura, kuku, na pia kwa wale ambao kulungu au sungura pori wanapita pembeni ya uwanja na wangependa nao wapate kitu cha kutafuna.

Kitu kimoja kwanza maana hapa ndo watu wengi wanapopotea. Mahindi, mtama, matete na nyasi nyingi za ukanda wa joto zinataka jua, joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi zinaduwaa. Oti, ngano, shayiri, rai, klova (majani ya jamii ya kunde), njegere, tanipu (mzizi wa jamii ya kabichi), figili, hizi ziko vizuri kabisa kati ya nyuzi 15 na 25 na zinaendelea kusogea pole pole mpaka kwenye nyuzi 5. Chini ya hapo nyingi hazifi, zinasimama tu. Maana yake ni kwamba majani atakayokula mbuzi wako kwenye baridi kali lazima yawe yameshakua kabla ya baridi kali, ukipanda wakati tayari unavaa koti zito umechelewa, utapata vijani vya urefu wa kidole vilivyokaa palepale miezi miwili.

Hatua ya 1: hesabu wiki kurudi nyuma

Jua kwanza jalidi (ile barafu nyembamba inayoganda juu ya majani usiku wa baridi) ya kwanza huwa inaanguka lini sehemu unayoishi, alafu rudi nyuma wiki 6 mpaka 8. Hapo ndo tarehe yako ya kupanda nafaka. Tanipu inahitaji siku 60 hadi 90 kufika ukubwa wake kamili, kwa hiyo yenyewe iwahi kidogo, na klova nayo iwahi maana inaanza kwa uzembe sana. Ukizipanda zote siku moja, wahi upande wa wiki 8. Usiwahi kupita kiasi pia, ukipanda joto bado ni kali viwavi wanakusubiri na miche inaungua. Kama unakoishi jalidi haipo kabisa, ni ubaridi wa kawaida tu, basi panda msimu wa ubaridi unapoingia udongo ukiwa bado una unyevu, hauna haja ya hesabu ndefu.

Hatua ya 2: chagua mbegu (hapa tukae kidogo)

Usipande kitu kimoja. Chukua kimoja kwenye nafaka, kimoja kwenye jamii ya kunde na kimoja kwenye jamii ya kabichi, sababu kila kundi lina zamu yake.

Nafaka ndo zinaanza kulika. Oti kwangu ni namba moja kwa mtu anayeanza, inaota fasta, ni tamu, sijui mnyama anayekula majani anayeikataa, udhaifu wake ni kwamba baridi ikifika nyuzi 7 hadi 10 chini ya sifuri inaungua na ndo mwisho. Rai ndo komando, mbegu yake inaota hata kwenye udongo wa nyuzi 2 au 3 na mmea wenyewe unavumilia baridi hata ya nyuzi 30 chini ya sifuri, ila joto likianza kurudi inakimbilia kutoa mashina magumu na wanyama wanaipita tu wanaiangalia. Ngano na tritikale (chotara wa ngano na rai) ziko katikati ya hizo mbili. Na tafadhali msichanganye rai na raigrasi, ni mimea miwili tofauti, rai ni nafaka ya mkate, raigrasi ni nyasi.

Jamii ya kunde zinaleta protini na zinalisha udongo. Klova nyekundu, namaanisha ile yenye ua jekundu lililochongoka, ni ya msimu mmoja, klova nyeupe inakaa miaka kadhaa lakini mwaka wa kwanza usiitegemee sana. Njegere za malisho ni nzuri mno, tatizo kulungu wanazipenda kuliko wewe unavyodhani, kipande kidogo wanakifyeka zikiwa bado changa.

Jamii ya kabichi, yaani tanipu, figili zile ndefu na ndugu zao, kazi yake ni mwisho wa msimu. Jalidi ikizipiga wanga unageuka sukari, na utaona ajabu, kulungu waliokuwa wanapita bila hata kunusa wiki zote wanaanza kuzifuata, wakimaliza majani wanarudi kuchimbua mizizi.

Kwa anayeanza mimi napendekeza oti, klova nyekundu na tanipu. Kwa mita za mraba 100 weka oti nusu kilo au zaidi kidogo, klova gramu 150, tanipu gramu 15 hadi 20 tu. Najua hiyo tanipu inaonekana kiduchu, usiongeze! Mbegu zake ni ndogo na jani lake ni pana, ukizidisha inafunika kila kitu na klova inakufa kwa kukosa jua. Kama baridi ya kwako ni ya kuua, punguza oti nusu weka rai.

Alafu kuna ile mifuko iliyochanganywa tayari, yenye picha ya kulungu dume mwenye mapembe kama mti. Soma lebo nyuma kabla ya kununua. Mara nyingi utakuta sehemu kubwa ni raigrasi ya mwaka mmoja kwa sababu mbegu yake ni ya bei rahisi. Sio malisho mabaya, tena wanyama wanakula vizuri, lakini ikiangusha mbegu utaing'oa miaka mingi kwenye bustani yako. Na mbegu zenye rangi ya ajabu ajabu, pinki au bluu, kwa kawaida zimepakwa dawa ya ukungu au wadudu, hizo kaa nazo mbali kama una kuku au ndege wanatua hapo.

Hatua ya 3: udongo

Pima uchachu wake (pH), ukiwa kati ya 6 na 7 uko sawa. Ukiwa chini ya hapo chokaa inasaidia lakini inachukua miezi kufanya kazi kwa hiyo iwekwe mapema. Samadi iliyooza inatosha kwa kipande kidogo, hauhitaji mambo mengi.

Hatua ya 4: chanja mbegu za klova au njegere

Hii watu wanairuka sana. Mimea ya kunde inapata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi, na kama udongo wako haujawahi kuwa na mmea huo inawezekana bakteria wake hawapo. Unanunua unga wenye bakteria hao, unalowesha mbegu kidogo kwa maji, unachanganya, unapanda siku hiyohiyo. Ni viumbe hai, ukiviacha juani vinakufa. Angalia pia unga ni wa mmea gani, wa klova hausaidii njegere na wa njegere hausaidii alfalfa (malisho mengine ya jamii ya kunde). Baadhi ya mbegu zinauzwa zimeshapakwa tayari, hizo panda tu.

Hatua ya 5: panda

Lainisha juu kwa reki. Rusha oti kwanza, zifukie sentimita 2 na nusu hadi 4. Baada ya hapo ndo urushe klova na tanipu juu yake, ukiwa umezichanganya na mchanga mkavu ili mkono usimwage zote sehemu moja, hizi hazitaki kufukiwa chini sana, nusu sentimita hadi moja inatosha, kwa hiyo pitisha reki kwa mgongo wake au zikanyagekanyage zishikane na udongo. Ukizifukia kina kimoja na oti usije kusema umeuziwa mbegu mbovu. Mvua ikiwa njiani ni bora zaidi, isipokuwepo mwagilia rasharasha mpaka ziote.

Hatua ya 6: subiri, alafu ukiruhusu ruhusu kwa akili

Hapa ndo shamba linaponea au kufia. Usifungulie mnyama mpaka oti ifike sentimita 15 hadi 20, kwa kawaida ni wiki ya 6 mpaka ya 8. Kabla ya hapo shika jani ulivute kama mbuzi anavyovuta, likikatika sawa, mche wote ukitoka na mizizi bado. Gawa kipande mara tatu au nne kwa senyenge au wavu, wale upande mmoja mpaka zibaki sentimita 8 hadi 10, hapo watoe wahamie wa pili. Jani lililobaki ndo linalotengeneza jani jipya, ukiacha wakwangue mpaka chini kwenye ubaridi mmea hauna nguvu ya kurudi. Mvua ikiwa imelowesha sana wazuie siku hiyo, kwato zinaharibu kuliko meno. Au kama kipande ni kidogo sana achana na kufungulia, kata kwa mundu uwapelekee, hupotezi kitu.

Nimemaliza, karibuni maswali.

---

Swali: Mkuu asante kwa somo. Mimi nina mbuzi wanne, nimesikia klova inawavimbisha tumbo mpaka wanakufa, ni kweli au stori?

Jibu: Ni kweli mkuu, klova na alfalfa mbichi zinatengeneza povu tumboni, gesi inakosa pa kutokea na mnyama anaweza kufa ndani ya muda mfupi. Dawa yake ni kutowaingiza wakiwa na njaa. Wape hei washibe kwanza, siku ya kwanza waingie dakika 15 hadi 20 tu, uongeze kidogo kidogo kwa wiki nzima au zaidi, na usiwaingize asubuhi majani yakiwa na umande. Na ndo maana nasema changanya, klova ikiwa theluthi moja ya majani hatari inashuka sana. Ukiona ubavu wa kushoto umetuna na mnyama hatulii, hapo sio wakati wa kuuliza mtandaoni, piga simu kwa daktari wa mifugo.

Swali: Kaka kuku wangu wanachimbua kila kitu, nikipanda leo kesho hakuna. Nifanyeje?

Jibu: Dada hao usibishane nao. Tengeneza fremu ya mbao ya urefu wa sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, funika kwa wavu wa waya mgumu, panda ndani yake. Majani yakipita matundu wanadonoa ncha tu, mizizi hawaifikii. Oti na klova nyeupe zinafaa sana kwa njia hii, zikikatwa zinarudi.

Swali: Je naweza kuwaachia kondoo kwenye tanipu peke yake? Nina eneo limejaa.

Jibu: Hapana ndugu yangu. Jamii ya kabichi ina maji mengi na nyuzinyuzi kidogo, na ina vitu vinavyosumbua tezi ya shingo, ikizidi sana inaweza kuharibu chembe nyekundu za damu, ukiona mkojo mwekundu ujue tayari. Zisizidi nusu ya chakula cha siku, kilichobaki kiwe hei au nyasi kavu. Waingize taratibu kama nilivyosema kwenye klova.

Swali: Jirani yangu kaniambia majani yakipigwa jalidi yanakuwa sumu, sasa nashangaa wewe unasema yanakuwa matamu.

Jibu: Hahaha wote wawili tuko sahihi, ni mimea tofauti. Mtama na majani ya ukoo wake yakipigwa jalidi yanatoa sumu ya sayanidi, hayo usimpe mnyama kabisa mpaka yakauke vizuri. Oti, klova nyekundu, tanipu hazina hatari hiyo. Ila kuna sumu nyingine ya kuangalia kwenye oti na tanipu, naitreti. Ukiweka mbolea nyingi ya naitrojeni alafu ukame ukapiga, au mawingu na baridi zikasimamisha ukuaji ghafla, naitreti inajaa kwenye sehemu ya chini ya shina. Ukame ukiisha kwa mvua subiri wiki moja na zaidi ndo uwaingize, na usiwaache wakwangue mpaka chini. Mwenye wasiwasi apeleke sampuli maabara.

Swali: Mimi sina mifugo, nataka kulungu tu waje niwaone. Wanakula zikiwa ndogo mpaka nakata tamaa.

Jibu: Kipande ni kidogo kuliko midomo, hiyo ndo ishu. Zungushia wavu mpaka mimea ifikishe wiki 6 ndo utoe. Acha na kizimba kidogo cha waya katikati, mita moja tu, mwishoni linganisha ndani na nje utajua wanakula kiasi gani. Njegere achana nazo mpaka upate eneo kubwa. Alafu uliza mamlaka ya wanyamapori ya kwako, sehemu nyingi zinatofautisha kati ya mmea uliooteshwa na chakula kilichomwagwa chini, hicho cha kumwaga mara nyingi kimekatazwa kwa sababu wanyama wanasongamana wanaambukizana magonjwa.

Swali: Sungura wa kufuga je?

Jibu: Oti mbichi sawa kabisa. Klova na majani ya tanipu kidogo kidogo, hei ndo iwe chakula kikuu kila siku.

Swali: Mkuu joto likirudi klova nyekundu ikitoa maua niiache au nifyeke? Nina punda pia anazurura hapo.

Jibu: Ungekuwa na mbuzi tu ningesema iache, nyuki wanaifurahia na ikiangusha mbegu inajiotea yenyewe msimu unaofuata. Kwa punda au farasi tofauti, ua likishakomaa lina vinyweleo vigumu vinavyoshikana tumboni vikawa donge na kuziba utumbo. Kwa hiyo ama mtoe punda, ama fyeka maua yakianza tu kufunguka. Ungetaka yote mawili, zungushia kona moja senyenge uwaachie nyuki, kwingine fyeka.