Kadi na lebo za zawadi kwa mihuri ya raba ya kuchonga mwenyewe

Ramadhani ya 2025, masika yakiwa mlangoni, binti wa kaka yangu alikuja nyumbani kwangu Tanga na daftari la oda. Alikuwa anauza visheti na kashata za Idi, akahitaji lebo 80 za kufunga kwenye maboksi na kadi 30 za kwenda na oda kubwa. Mchapaji wa mjini alimtajia bei ambayo ingemla faida yote. Akaniuliza, "Shangazi, ile mihuri yako ya raba haiwezi?" Inaweza. Tuliifanya kazi kwa siku nne, na siku mbili kati ya hizo ziliishia kwenye jambo moja tu: wino uliokataa kukauka. Kwa hiyo sehemu ya wino hapa chini ni ndefu kuliko zote. Usiiruke.

Hatua ya 1: Anza na bahasha

Nunua bahasha kwanza, ndipo ukate kadi. Wengi hufanya kinyume, halafu wanazunguka steshenari zote wakitafuta bahasha ya kipimo kisichokuwepo. Bahasha ya C6 ina milimita 114 kwa 162, na kadi inayokaa ndani yake vizuri ni ya A6, yaani 105 kwa 148. Kata karatasi ya A4 katikati, kila nusu ikunje mara moja, umepata kadi mbili. Karatasi 15 zinatoa kadi 30. Ongeza nne za kuharibikia. Lebo tulikata sentimita 5 kwa 9. A4 moja inatoa lebo 12, kwa hiyo karatasi saba zilitutosha na nne zikabaki.

Kwa kadi tumia manila ya gramu 200 hadi 250. Nyembamba kuliko hapo haisimami mezani, na kadi isiyosimama huishia kwenye droo. Ila usinunue karatasi zote sasa. Chukua moja moja za majaribio.

Hatua ya 2: Mchoro

Mimi hupanga kadi kama leso, yaani kanga. Kanga ina pindo kuzunguka kingo, ina mji katikati, na ina jina chini ya mji. Mpangilio huo umeshajaribiwa na mama zetu kwa miaka mingi, na jicho la mtu wa pwani linautambua papo hapo. Pindo nalitengeneza kwa muhuri mdogo mmoja unaorudiwa rudiwa, mji ni muhuri mmoja mkubwa, jina ni maneno yenyewe. Tulichagua korosho kwa mji na nukta tatu za pembetatu kwa pindo. Mihuri miwili tu, kadi ikajaa.

Maneno usiyachonge mwenyewe. Herufi ndogo kwenye raba ni kazi ya kuumiza macho, na zinatakiwa zichongwe kinyumenyume. Mpelekee fundi wa mihuri maneno yako, "Idi Mubarak" au "Hongera kwa mtoto", mwambie akukatie mpira peke yake bila mpini na bila ile duara ya mihuri ya ofisi. Inakuwa nafuu, na mpini utaubandika mwenyewe. Jina la anayepokea liandikwe kwa kalamu, kwa mkono. Hapo ndipo mtu anajua kadi ni yake.

Hatua ya 3: Kuchonga

Raba za kufutia zipo za aina mbili. Zile za waridi, ngumu, zenye chengachenga, ziache, zinamomonyoka kwenye kona. Unayotaka ni nyeupe, laini, inayokatika kama jibini. Kwa michoro mikubwa nachukua soli ya kandambili iliyochakaa: ioshe kwa sabuni, ikaushe, ukate upande uliokuwa chini ya unyayo ikiwa bado umenyooka. Soli ina vitundu vidogo vidogo vinavyoonekana kwenye mchapo. Kwa jua au tunda kubwa vinapendeza. Kwa ua lenye petali nyembamba vinaharibu.

Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba ya kuokea keki, igeuze kifudifudi juu ya raba, sugua kwa kucha. Penseli itahamia kwenye raba ikiwa imegeuka, na ukigonga muhuri mchoro utarudi kama ulivyouchora. Nimeona watu wakichora moja kwa moja kwenye raba halafu wanashangaa hilali imetazama upande mwingine.

Chonga kwa wembe mpya au kisu cha kukatia karatasi. Jambo moja tu la kushika: wembe uinamie nje, mbali na mchoro, ili mstari unaobaki uwe na kitako kipana kama mlima. Ukiinamisha ndani unakula kitako, na mstari utalala siku ya tatu. Zungusha raba, mkono wenye wembe utulie.

Bandika kwenye kipande cha mbao au kifuniko cha chupa kwa gundi. Mbao iwe na ukubwa uleule wa muhuri, isipitilize, la sivyo hutaona unapogonga.

Hatua ya 4: Wino na karatasi

Tulikuwa tumenunua manila nyeupe inayong'aa, nzuri kwa macho, na pedi ya kawaida ya wino wa muhuri, ile ya ofisini. Tukagonga kadi 40 jioni moja. Zilipendeza. Tukazipanga moja juu ya nyingine, tukaweka kitabu juu zisikunjike, tukaenda kufuturu. Asubuhi kila kadi ilikuwa na korosho mbele na kivuli cha korosho nyuma, na vidole vya binti vikawa vyeusi kwa kuzihesabu tu. Nikafikiri ni mapema. Tukazianika juani, tukarudi adhuhuri: bado zinapaka. Tukajaribu pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa, kitambaa kikabeba nusu ya wino. Tukajaribu poda ya mtoto, ikakausha juu lakini nyeusi ikawa kijivu. Siku mbili zikaisha hivyo, na kadi zote 40 tukazitupa.

Sababu ni hii. Wino wa pedi ya ofisi umetengenezwa usikauke, maana ukikauka pedi inakufa. Kwa kawaida ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji pamoja na gliserini au kitu cha jamii yake, na gliserini hushika unyevu wa hewani. Wino huo haukauki kwa kupeperuka, unakauka kwa kunywewa na karatasi. Risiti na barua ni karatasi za kunywa, ndiyo maana muhuri wa ofisini haukusumbui. Manila inayong'aa imepakwa kitu juu kinachoziba vinyweleo, kwa hiyo wino unabaki umekaa juu ukisubiri kidole. Ongeza hewa ya pwani kipindi cha masika, na unaweza kungoja mpaka Idi ya pili.

Kwa hiyo kabla ya kununua karatasi kwa wingi, fanya majaribio haya mawili.

La kwanza ni la maji. Dondosha tone dogo kwenye karatasi, hesabu mpaka 30. Tone likitulia juu kama kwenye jani la mgomba, karatasi hiyo haifai kwa wino huu. Likianza kutanuka na kuacha doa, karatasi inakunywa. Jaribu pande zote mbili, kwani manila nyingine zinang'aa upande mmoja tu, na huo mwingine ni mzuri kabisa. Tulipata moja ya namna hiyo baada ya kuwa tumeshakata tamaa.

La pili ni la kidole. Gonga muhuri wako halisi, usiweke nukta ya majaribio tu, ngoja dakika kumi, kisha pitisha kidole kwa nguvu kidogo. Usilifanye mchana wa jua kali peke yake. Lirudie usiku au siku ya mvua, maana karatasi iliyofaulu saa saba mchana inaweza kushindwa saa tatu usiku.

Ikiwa ni lazima utumie karatasi inayong'aa, kuna wino wa aina nyingine unaokauka kwa kupeperuka, ule wa kugongea mifuko ya plastiki na vyuma. Unanuka, unahitaji dirisha wazi, na unataka pedi yake peke yake. Usiumimine kwenye pedi ya ofisi. Nao kabla ya kuutumia kwenye muhuri wa raba uliochonga, jaribu kwenye kipande cha raba kilichobaki, kwani baadhi ya dawa zake hulainisha raba.

Wino wa mafuta, ule wa mihuri ya chuma ya namba, usiuguse. Unaonekana umekauka, lakini baada ya siku kadhaa mafuta yanatambaa na kuacha duara la manjano kuzunguka mchoro, na mpira wa asili ukikaa kwenye mafuta huvimba. Wino wa printa nao ni mwembamba mno: unakimbia kwenye nyuzi za karatasi na kila mstari unaota ndevu.

Njia ninayoipenda mimi kwa rangi zisizopatikana kwenye pedi ni rangi ya akriliki ya wachoraji. Kamua kidogo kwenye sahani, chovya kipande cha sponji, kandamiza pembeni kupunguza, kisha gusagusa juu ya muhuri. Inashika hata kwenye karatasi nyeusi, na ikishakauka haitoki. Hatari yake ni kwamba inakaukia kwenye mifereji ya muhuri vilevile, kwa hiyo kila baada ya kadi tano osha kwa maji na mswaki uliochakaa. Lebo zote 80 tulizifanya kwa akriliki ya kijani. Kadi tulizigonga kwa wino mweusi wa pedi kwenye manila isiyong'aa. Zambarau ya pedi siipendekezi kwa kadi yoyote. Mtu akiiona anatafuta namba ya risiti.

Na hata karatasi ikiwa nzuri, usipange kadi moja juu ya nyingine siku ya kwanza. Tulifunga kamba ukumbini tukazibana kwa vibanio vya nguo, feni ikizunguka taratibu. Juani usizianike kwa muda mrefu, rangi nyingi za maji hupauka.

Hatua ya 5: Kugonga

Weka gazeti lililokunjwa mara mbili chini ya kadi. Muhuri mdogo unaugusisha kwenye pedi mara mbili tatu kwa wepesi. Mkubwa ulaze uso juu, kisha wewe ndiye uigusishe pedi kwake, hapo unaona kama kila sehemu imepata. Shusha wima, bonyeza kwa kiganja, hesabu mbili, inua wima. Usiupembeze. Ukiona kivuli pembeni mwa mchoro, ama ulipembeza ama hukukwangua raba vya kutosha kwenye mashamba yaliyo wazi.

Anza na mji, malizia na pindo. Pindo lianze kwenye kona nne, kisha katikati ya kila upande, kisha ujaze nafasi zinazobaki. Ukianzia kona moja na kuzunguka, nukta ya mwisho haitapata pa kukaa.

Hatua ya 6: Kukunja na kufunga

Kunja kadi baada ya wino kukauka. Chora mstari wa kukunjia kwa rula na kalamu ya wino iliyokwisha, kunja kuelekea upande usio na alama.

Lebo zitoboe tundu kwa panchi. Kwa kamba, utepe wa dukani sijautumia tangu nilipojaribu katani. Tupo Tanga, na zao hili lililetwa huku kwetu mwaka 1893. Sioni kwa nini boksi la visheti lifungwe kwa plastiki. Kamba ya katani ya dukani ni nene kwa lebo, kwa hiyo ifumue, chukua uzi mmoja, uloweshe kidogo usokote upya kwa vidole, ukikauka unakaa. Sentimita 25 zinatosha kupita kwenye tundu na kufunga fundo. Ukiwa bado una unyevu usiufunge kwenye lebo.

Kuhifadhi mihuri

Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Petroli na mafuta ya taa hapana, hata kama doa halitoki. Doa haliharibu mchapo, mafuta yanaharibu mpira. Raba nyeupe zilizochongwa usizipange zikigusana wala usiziweke kwenye boksi la plastiki, zinashikamana na plastiki na kuyeyuka uso. Mimi nazifunga moja moja kwenye karatasi, naziweka kwenye kopo la biskuti, na juu ya kila karatasi nagonga muhuri uliomo ndani. Korosho ile ya Ramadhani bado ipo, na binti ameshaiomba kwa ajili ya Idi nyingine.