Kuandaa Hiace ya kulala: mwongozo kwa wastaafu wawili wanaoanzia safari Tanga

Kabla ya kumwita seremala, chukua kadi ya gari usome mistari miwili: uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa juu linaoruhusiwa likiwa limejaa. Toa mmoja kwenye mwingine. Kinachobaki ndicho mtakachogawana nyinyi wawili, kitanda, maji, gesi, betri, chakula na nguo. Tuseme gari tupu ni kilo 2,000 na linaruhusiwa kilo 2,700. Mnazo kilo 700, na mzee na mama wakishakaa tayari zimeondoka 150. Kitanda na makabati yakila 120, maji 80, umeme wote 40, friji na vilivyomo 35, jiko na mtungi 20, jeki na spana 40, nguo, vyombo na vyakula 100, mmebakiwa na kilo 115. Hizo zisiguswe. Uzito ni haba na haba: leo kinu, kesho gunia la nazi la kuwapelekea ndugu Dodoma, na kibaba kinajaa bila mtu kujua. Gari lililozidi uzito huonyesha mlimani, kwa breki zinazonuka na injini inayochemka, na kwenye lami yenye joto, kwa tairi kupasuka.

Kwa hiyo mbao zichaguliwe kwa kilo kwanza, uzuri baadaye. Ubao wa plaiwudi wa futi 4 kwa 8, unene wa milimita 18, una kilo kama 30. Wa milimita 12 una kilo kama 20, na unatosha kitanda kizima ukiwekewa mataruma kila sentimita 40. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18 hupita kilo 35, na kwa hewa ya bahari ya Tanga huvimba kingo na kuachia skrubu. Mninga ni mbao nzuri ya nyumbani, lakini si ya humu ndani. Chukua saipresi kwa fremu, gundi isiyoogopa maji, na skrubu zisizoshika kutu. Misumari hutoka yenyewe kwa mtikisiko.

Kitanda cha futi 4 kwa 6, kikilazwa kufuata urefu wa gari, kinatosha watu wawili na kuacha ujia mwembamba ubavuni. Urefu wa kitanda na godoro lake kutoka sakafuni uwe sentimita 45 hadi 50. Kikiwa chini zaidi, magoti ya mtu wa miaka 65 yatalia kila asubuhi. Kikiwa juu zaidi, mtainamisha vichwa. Mlangoni wekeni kidaraja imara cha kukanyagia cha sentimita 20 na kishikio cha chuma kilichofungwa kwa bolti kwenye nguzo ya bodi, si kwenye plastiki ya pambo. Jambo hili dogo hupuuzwa na mafundi vijana, na ndilo linalozuia mtu kuanguka saa nane za usiku anapotoka haja. Choo cha ndoo yenye mfuniko na unga wa mbao mkavu kinafaa sana: vikombe viwili kila baada ya kutumia, na harufu haipandi.

Umeme

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu hununua sola kabla ya kupiga hesabu. Pigeni hesabu ya siku moja kwa Ah (ampea-saa, yaani ampea mara saa za matumizi) za volti 12. Friji la lita 40 lenye kompresa huvuta kama ampea 3.6 linapozunguka, na kwa joto la pwani huzunguka karibu nusu ya siku: Ah 43. Feni mbili ndogo usiku kucha: Ah 12. Taa, simu, redio na pampu ya maji: Ah 10. Jumla Ah 65 hivi.

Betri ya asidi isitumiwe chini ya nusu yake, maana hufa mapema. Ili kupata Ah 65 kwa usalama mngehitaji Ah 150 na zaidi, yaani kilo zisizopungua 40. Betri ya lithiamu ya Ah 100 hutoa Ah 80 bila kuumia na ina kilo 11 hadi 13. Bei yake inauma, lakini kwa gari hili tunaipendekeza bila kusita.

Paneli mbili za wati 100 hutoa kama Ah 60 siku ya jua zuri. Pengo dogo linalobaki huzibwa na altaneta (kifaa cha injini kinachozalisha umeme) mnapoendesha, ila msiunge lithiamu moja kwa moja kwenye altaneta: huvuta mkondo mwingi mfululizo na kuiunguza. Katikati iwepo chaja ya DC-DC, inayopima umeme wa altaneta kabla haujafika kwenye betri, ya ampea 30, na waya wa milimita za mraba 16 kama umbali ni mita 5. Waya mwembamba hupoteza volti njiani na kupata moto. Fyuzi ya ampea 50 ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye kila betri, kwa kuwa fyuzi huulinda ule waya ulio mbele yake tu. Kila tundu la bati ambamo waya unapita livalishwe mpira. Msikubali waya za kusokotwa na kufungwa selotepu. Ungio libanwe kwa koleo lake, kisha lipakwe grisi kidogo, maana chumvi ya hewani hugeuza shaba kuwa kijani ndani ya mwaka. Paneli ziinuliwe sentimita 4 juu ya paa ili upepo upite chini yake. Paneli ikichemka hutoa umeme pungufu. Wakati wa kuunga kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia betrini, betri iunganishwe kwanza, paneli baadaye.

Gesi, maji na hewa

Mtungi wa kilo 6 unatosha. Jiko dogo hula kama gramu 150 hadi 200 kwa saa, hivyo kwa saa moja ya kupika kila siku unafika mwezi au zaidi kidogo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni. Kabati la mtungi lazima liwe na tundu chini kabisa, linalotoka nje ya gari, na mtungi usimame wima, ukiwa umefungwa mkanda. Kila mnapobadilisha mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye ungio. Mapovu yakikua, funga. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata likiwa limebaki jivu, wala msilale injini ikiunguruma ili mpate kiyoyozi. Gesi ya sumu inayotoka humo haina harufu ya kumwamsha mtu.

Maji: madumu manne ya lita 20, yafungwe chini kabisa na karibu na ekseli ya nyuma, si nyuma yake. Lita 15 kwa siku zinawatosha kupika, kunywa na kuoga kwa kopo. Katika rejeta, hata hivyo, msitie maji ya kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi, nayo hula na kuziba rejeta taratibu. Tieni kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea injini.

Madirisha mawili yanayotazamana yawekewe wavu wa mbu unaobana kila upande, na chandarua kiwepo pia. Inueni godoro kila asubuhi. Pumzi za watu wawili hugeuka maji chini ya sponji, na ukungu huanzia hapo.

Dawa

Gawanyeni dawa za mwezi mzima, na wiki moja ya ziada, katika mifuko miwili inayokaa sehemu tofauti, pamoja na nakala ya maandishi ya daktari. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Isigusane na ukuta wa friji wenye barafu, kwa kuwa ikiganda imeharibika. Dawa yoyote isiachwe juu ya dashibodi. Mwenye shinikizo la damu asiruke kidonge cha kukojoza eti kwa sababu ya safari: simameni kila baada ya saa mbili, tembeeni dakika kumi. Kusimama huko hulinda pia miguu isigande damu.

Barabarani

Mzunguko mzuri wa lami: Tanga, Segera, Same, Moshi, Arusha, Babati, Kondoa, Dodoma, Mtera, Iringa, Morogoro, Chalinze na kurudi Segera. Ni kama kilomita 1,750, na Hiace iliyojaa itakunywa lita 200 hivi. Ondokeni kuanzia Juni hadi Septemba, masika yakiwa yamekwisha. Kilomita 200 hadi 250 kwa siku zinatosha, na saa kumi na moja jioni gari liwe limeshaegeshwa. Usiku kuna malori yaliyoharibika na kusimama bila taa.

Vijijini msiegeshe kimya kimya. Pigeni hodi kwa mtendaji wa kijiji au balozi, mjitambulishe, muulize pa kulala. Mjini, uani kwa gesti au hosteli ya misheni huwa kuna mlinzi na bomba. Kilomita kama 50 za barabara zinakatisha Hifadhi ya Mikumi. Humo mwendo una kikomo chake, na ukigonga mnyama unatozwa.

Tairi zenye alama ya C, za mzigo, ndizo zinazofaa. Someni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Iliyopita miaka sita isianze safari hii, hata kama kashata zake bado ni nene. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango. Mchana utaupata umepanda, msiutoe.

Safari ya majaribio iwe Lushoto, siku mbili. Ni kama kilomita 160 kutoka Tanga, na inapima kila kitu: joto la Mombo kwa friji, baridi ya Lushoto kwa blanketi, na kilomita 33 za kona na mlima kwa injini na breki. Wakati wa kupanda zimeni kiyoyozi na mtazame geji ya joto. Ikipanda, egesheni pembeni, msifungue mfuniko wa rejeta mpaka uweze kuushika kwa mkono. Wakati wa kushuka, ingizeni gia ya pili au ya tatu kabla ya mteremko kuanza, breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha iachiwe. Kuikalia mguu njia nzima huchemsha mafuta ya breki, na pedali huzama hadi chini. Mafuta hayo hufyonza unyevu hewani, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili. Pwani msingoje zaidi. Breki zikinuka, simameni nusu saa. Msizimwagie maji, chuma cha moto hupasuka. Atakayeshuka mlima Kitonga, kati ya Iringa na Morogoro, bila kuzoea hili atajifunza mahali pabaya.

Mkirudi, kazeni upya nati za magurudumu na bolti za kitanda, kagueni waya zote kwa mkono, kisha pitisheni gari kwenye mizani ya ghala lolote linalopima magari, likiwa na kila kitu na nyinyi wenyewe mkiwa ndani. Likizidi kilo zilizoandikwa kwenye kadi, anzeni kupunguza vyombo vya jikoni. Huko ndiko vitu vya ziada hujificha.