Jinsi ya kuomba cheti cha usalama wa boti ya abiria Kigoma

Boti inayobeba abiria kutoka Kibirizi kwenda Gombe au Kagunga lazima ikaguliwe na TASAC, shirika la Serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na ipate cheti. Wengi hukimbilia fomu. Wewe anza na boti.

Ipandishe ufukweni ikauke, upitishe ukucha kwenye maungio ya mbao. Pamba ikitoka, kalafati (pamba inayoziba maungio maji yasiingie) imelegea. Mwite fundi kabla ya mkaguzi. Kisha toa majaketi okozi yote nje, vuta kila mkanda, kaza kila kifungo. Jaketi lililolaliwa na magunia ya dagaa mwaka mzima, ukilikunja sponji yake husagika kama unga. Hilo halimwokoi mtu, litupe. Hesabu yatoshe watu wote, nahodha akiwemo, na watoto wapate ya saizi yao. Andaa pia mtungi wa kuzimia moto, nanga, tochi na ndoo ya kuchotea maji.

Sasa maombi. Kusanya namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), TIN (namba ya mlipakodi) na hati ya mauziano ya boti. Ukijaza kwa mtandao, hakikisha anwani ya tovuti inaishia na .go.tz, na utumie namba yako mwenyewe ya simu. Mimi mara ya kwanza nilimwachia kijana mmoja anijazie kwa simu yake. Kuja kuhuisha cheti, ujumbe wa uthibitisho unaingia kwake, naye ameshahamia Kasulu! Boti ilikaa imefungwa wiki mbili, abiria wangu wakapanda za wengine.

Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba (control number) tu. Kwenye simu chagua malipo ya Serikali, uingize namba, usome jina la taasisi kabla ya kubonyeza namba ya siri. Akikupigia mtu anayejiita mkaguzi, akitaka umtumie ada kwenye simu yake, kata, nenda ofisini ukaulize.

Siku ya ukaguzi uwepo wewe na nahodha. Ukitajiwa idadi ya abiria, tafadhali usibembeleze iongezwe. Kivuko cha MV Nyerere kilichozama Ziwa Victoria Septemba 2018 kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Cheti kikitoka, soma jina la boti, idadi ya abiria na tarehe ya mwisho ukiwa bado pale dirishani, kosa lirekebishwe hapo hapo. Nakala ifunge kwenye nailoni ikae botini, na idadi ya abiria iandike kwa rangi ubavuni, mahali abiria anapoiona kabla hajapanda.