"Ile hela itume kwenye namba hii": ninavyofundisha kusudi la mwandishi Kidato cha Tatu

Mwalimu yeyote wa Kiingereza sekondari amekutana na jibu hili. Kifungu cha ufahamu kimeisha, swali la mwisho linauliza mwandishi aliandika kwa kusudi gani, na mwanafunzi anajaza: "To inform, to persuade and to entertain." Yote matatu kwa mpigo, bila aibu.

Nilipoanza kazi hapa Kigoma nilisahihisha marundo ya madaftari yenye sentensi hiyo, na ilinichukua muda kukubali kwamba kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimebandika manila ukutani yenye maneno hayo matatu, nikawaambia wachague. Wakachagua yote. Asiyejua panya katoroka na shimo lipi huziba mashimo yote.

Manila ile niliibandua. Siku hizi nafuata njia ifuatayo, kwa vipindi viwili vya mfululizo (dakika 80) na kimoja cha kesho yake. Inafaa hata darasa la watu sabini wanaochangia vitabu vichache, kwa sababu kila kitu kinaandikwa ubaoni.

Hatua ya kwanza: anza na meseji ya tapeli

Usifungue kitabu. Andika ubaoni:

"Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la wakala."

Darasa litacheka, maana hakuna nyumba ambayo meseji hii haijafika. Uliza: mwandishi anataka nini? Watajibu kwa pamoja, pesa. Sasa uliza swali lenye kazi: ni neno gani hapo linalomfanya mtu atume kweli?

Hapa nyamaza. Usiwasaidie. Watataja "hela", watataja "namba", na baada ya muda mmoja atasema "ile". Mshike hapohapo. Futa neno hilo, bakiza "Tuma hela kwenye namba hii", kisha uliza kama kuna atakayetuma. Hakuna, kila mtu atauliza wewe nani. Lakini "ile" inajifanya kwamba mazungumzo yalishakuwepo. Mzazi aliyeahidi kutuma ada, au mpangaji anayedaiwa kodi, anajazia mwenyewe ni hela ipi. Na "jina litakuja la wakala" linamjibu kabla hajauliza mbona jina ni geni.

Hapo wameshachambua kusudi la mwandishi, na Kiingereza bado hakijatumika hata kidogo. Najua shule nyingi zina kibao cha kukataza Kiswahili mlangoni. Mimi dakika hizi 15 za mwanzo naziendesha kwa Kiswahili, na mkaguzi akiingia nitamweleza sababu: wanafunzi hawa hawakosi akili ya kusoma nia ya mtu, wanakosa maneno ya Kiingereza ya kuieleza. Ukivichanganya vitu hivyo viwili utawafundisha kile ambacho tayari wanacho na kuwanyima kile wasichonacho.

Hatua ya pili: ondoa mkanganyiko wa dhamira

Fupi, lakini usiiruke. Wanafunzi wanatoka kwenye kipindi cha fasihi ya Kiswahili wakiwa na dhamira, ujumbe, msimamo na falsafa kichwani, na watakuletea vyote. Mimi nawaambia hivi: dhamira ni jambo linalozungumzwa, ujumbe ni funzo unaloondoka nalo, kusudi ni kile ambacho maandishi yanataka kukufanyia wewe msomaji. Dhamira ya meseji ya tapeli ni hela. Kusudi lake ni uitume. Inatosha, songa mbele.

Hatua ya tatu: jambo moja, maandishi matatu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tafuta jambo ambalo darasa zima linalifahamu, uliandike mara tatu kwa Kiingereza chepesi. Mimi natumia kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, kwa sababu mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, wengi wao waliuona upungufu wa dagaa kwenye sahani zao wenyewe. Haya ni maandishi niliyoyatunga, yachukue kama yalivyo:

A. "Fishing is closed from 15 May to 15 August. All nets must be removed from the water."

B. "Our lake is tired. Let us give it three months of rest, so that our children will also eat migebuka."

C. "On the fourth day without dagaa, my grandmother's cat packed its bags and asked the way to Kasulu."

Soma kwa sauti, wewe kwanza, halafu wao. Kisha uliza maswali matatu kwa kila andiko: nikimaliza kusoma, mwandishi anataka nifanye nini? Nijue nini? Nihisi nini? Mwanafunzi asiseme jibu bila kwenda ubaoni kupiga mstari chini ya neno lililomfikisha hapo. Sheria hii usiilegeze hata kama foleni ya kwenda ubaoni inakula muda.

Kwenye A watapiga mstari "must". Kwenye C watakimbilia "packed its bags". Kwenye B wengi watachagua "tired", na ni sawa, lakini wapeleke kwenye "our". Futa "Our lake", andika "The lake". Soma tena. Mwaka jana binti mmoja wa Kibirizi alisema, "Mwalimu, sasa limekuwa ziwa la serikali." Sijawahi kupata maelezo mazuri zaidi ya kazi ya neno hilo. Kwa "our", mvuvi anaombwa atunze cha kwake. Kwa "the", anaamriwa kuhusu cha mwenzake.

Mchezo huu wa kufuta neno na kuweka jingine ndio moyo wa somo zima. Wape jozi, kila dawati libadilishe neno moja tu ili andiko libadilike kusudi. Ukigeuza "must" ya A kuwa "should", amri inakuwa ushauri. Wapo watakaoharibu sentensi kabisa. Waache, nayo inafundisha.

Onyo moja: usikubali jibu kwamba C ni la kuchekesha tu. Uliza, kwa nini paka? Kwa nini si bibi mwenyewe aliyefunga mizigo? Watagundua kwamba chini ya kicheko kuna lalamiko la njaa, na kwamba kulalamika kupitia paka hakumwudhi mtu. Andiko moja linaweza kubeba makusudi mawili, moja juu na jingine chini yake. Hapa ndipo manila yangu ya zamani iliposhindwa.

Hatua ya nne: wape vitenzi

Sasa Kiingereza. Andika orodha fupi ubaoni: warns, orders, begs, praises, mocks, complains, explains. Fafanua kila kimoja kwa tendo, si kwa tafsiri. Kwa "begs" mimi hupiga magoti mbele ya kiranja, na hakuna anayesahau. Kisha wape kiunzi:

"The writer ... the reader by using the word '...', which makes us feel / think / do ..."

Kiunzi hiki kina tatizo. "Complains" haikai hapo mpaka uongeze "to", na "explains" inakataa kabisa kufuatwa na mtu. Wewe tangulia kuwaonyesha, la sivyo utasahihisha kosa hilo mara sitini. Sentensi mbili kwa kila mwanafunzi zinatosha kwa siku hiyo.

Hatua ya tano: fikisha Ujiji

Kipindi cha kesho yake nawapeleka kwenye andiko lenye msomaji wa mbali. Kila mtoto wa hapa amesikia habari ya Stanley kukutana na Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, na wengi wameuona mnara wa kumbukumbu. Ninaandika salamu ambayo Stanley mwenyewe alieleza kwamba ndiyo aliyoitoa: "Dr Livingstone, I presume?"

Naomba tafsiri. "Dokta Livingstone, nadhani?" Kicheko. Hii salamu gani? Shikamoo iko wapi? Stanley alikuwa na miaka 30, mzee mbele yake ana 58. Basi swali ni hili: kwa nini mtu achague kujieleza hivyo, mkavu namna ile, baada ya miezi ya safari kutoka pwani?

Hapo ndipo unapowapa taarifa kidogokidogo, wala usizitoe zote mara moja. Kwanza, alikuwa mwandishi aliyetumwa na gazeti la New York Herald la Marekani. Waache wabishane. Halafu, kurasa za shajara yake zinazohusu mkutano ule zilichanwa, hivyo hatuna maandishi yake ya siku ile kuthibitisha kama alitamka maneno hayo kweli. Ubishi utapanda. Wapo watakaosema alitaka gazeti liuzike, wengine kwamba alitaka aonekane muungwana asiyetetereka. Yote napokea, mradi mtu arudi kwenye "presume" aonyeshe ubaridi wake. Na swali la mwisho: alikuwa anamwandikia nani? Si watu wa Ujiji, ambao wangemshangaa. Ni wasomaji wa New York na London.

Hatua ya sita: kusahihisha

Alama 5. Moja ya kitenzi, moja ya kunukuu neno, mbili za kueleza neno hilo linamfanyia nini msomaji, moja ya kumtaja msomaji huyo. Jibu lisilo na neno lililonukuliwa silisomi zaidi, nalirudisha. Utaokoa usiku wako mwingi.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja alete andiko lolote kutoka kwao, alichambue kwa Kiingereza. Huja maneno ya nyuma ya daladala, maelezo ya chupa za dawa, matangazo ya mnada. Muhula uliopita mmoja alileta kanga ya mama yake, "Usisafirie nyota ya mwenzio". Aliandika "warns", akanukuu "mwenzio", akaeleza vizuri jinsi neno hilo linavyomnyooshea mtu kidole bila kumtaja jina. Nafasi ya msomaji aliiacha wazi. Nikamwita mezani kumuuliza.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "huyo msomaji tunapanga naye nyumba moja. Siwezi kumwandika."

Nilimpa zote tano.