Frostpunk kwa anayeanza: gawa watu kwanza, makaa baadaye

Frostpunk ni gemu ya kompyuta ya kujenga mji, iliyotoka Aprili 2018, kazi ya 11 bit studios ya Poland. Ni mwaka 1886, dunia imeganda, na wewe ni kapteni wa mji uliozunguka jenereta moja kubwa inayokula makaa. Vijana ninaowafundisha hapa Nairobi hukimbilia kuiwasha mara moja, halafu wanashangaa mbona mbao zimekwisha na hakuna wa kuzitafuta. Makaa yamejaa chini kwa marundo. Kinachokosekana siku za mwanzo ni mikono. Mwongozo huu ni wa sura ya kwanza, A New Home.

Kabla ya kuanza

RAM ya GB 4 ndiyo kima cha chini. Laptopu za mtumba za Luthuli Avenue hazikosi hiyo, ila muulize muuzaji pia kuhusu kadi ya picha. Kama unachezea kompyuta ya mezani, sevu mwenyewe kila kunapokucha kwenye gemu, maana stima hapa hupotea bila kubisha hodi.

Hatua ya 1: simamisha saa, hesabu watu

Bonyeza spesi kabla hujagusa chochote. Una watu 80: wafanyakazi 50, mainjinia 15 na watoto 15. Watoto hawafanyi kazi bila sheria, kwa hiyo una 65 wa kutuma. Rundo moja huchukua watu 15. Mbao zipewe wengi, makaa yafuate, chuma kidogo. Mainjinia nao waokote. Hakuna anayekaa akisubiri karakana, yaani jengo la utafiti, ijengwe.

Sasa sikiliza vizuri. Aliyepewa kazi hufanya zamu yake kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na ujenzi anauanza akishatoka. Asiye na kazi hujenga mchana kutwa. Mimi huacha kama watano hivi bila kazi siku ya kwanza, na karakana husimama mapema. Ukiwapanga wote, mbao zitarundikana huku kiwanja kikikungoja hadi jioni.

Hatua ya 2: jenga karibu na joto

Karakana kwanza, inataka mainjinia watano. Kisha mahema: kila moja linalaza 10, mbao 10. Pete ya kwanza kando ya jenereta iwe ya mahema na zahanati. Kila jengo liguswe na barabara inayofika kwenye jenereta, la sivyo halifanyi kazi. Washa jenereta usiku unapoingia.

Hatua ya 3: sheria

Hapa ndipo gemu inakubana. Ukishasaini sheria moja unasubiri muda kabla ya nyingine, kwa hiyo usisaini kwa hasira. Zamu ya dharura huwafanyisha watu kazi saa 24 mfululizo: inasukuma utafiti mbele, lakini manung'uniko yanapanda na mtu anaweza kufa kazini. Zamu ndefu, ya saa 14, ina nafuu, nami huitumia karakanani.

Kuhusu watoto, kuna wanaosaini ajira ya watoto papo hapo ili wapate mikono 15 zaidi. Inasaidia, sikatai. Mimi huwajengea makazi, kwa sababu baadaye sheria nyingine hukuruhusu kuwafanya wasaidizi wa wauguzi au wa mainjinia, na mainjinia ndio huadimika kuliko wote.

Hatua ya 4: chakula

Kibanda cha wawindaji kinataka watu 15, nao huwinda usiku. Jikoni, nyama mbichi moja hutoa milo miwili. Ukisaini sheria ya supu, mbichi mbili hutoa milo mitano. Watu watalalamika. Waache walalamike, ilmradi wameshiba.

Hatua ya 5: wapelelezi

Utafiti wa mnara wa ishara, unaokuwezesha kutuma wapelelezi nje ya mji, uwe wa mapema kuliko unavyodhani. Kikosi kimoja ni watu watano, na unaumia kuwatoa, lakini huko nje kuna manusura, yaani mikono mipya, pamoja na vipuri vya mvuke (Steam Cores) ambavyo huwezi kutengeneza mjini. Tazama utabiri wa hali ya hewa juu ya skrini kabla ya kuwaita manusura: baridi ikikaribia kuzidi, anza na makaa. Na mahema yao yajenge wakiwa bado njiani. Wakilala nje usiku mmoja, kesho yake utawapata kwenye foleni ya zahanati.